Ng'ombe wa Kulwa

Mwaka 1998, nikiwa bado mwalimu mgeni pale Kharumwa, alikuja bwana mmoja wa afya kuzungumza na wazazi na walimu juu ya uzazi wa mpango. Alitundika bango mbele ya darasa. Upande mmoja ilichorwa nyumba ya bati yenye baba, mama na watoto wawili waliovaa viatu, wameshika madaftari. Upande wa pili nyumba ya nyasi, na mbele yake watoto wengi pekupeku, mama yao kashika tama. Bwana afya alieleza vizuri tu, kwamba wale wa kwanza watasoma na hawa wa pili hawatasoma. Kisha akanigeukia mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa mwalimu wa kike pekee na nilikuwa nimevaa viatu.

"Kwa mfano Mwalimu Febronia hapa. Bila shaka kwenu mlizaliwa wachache, ndiyo maana amefika alipofika."

"Tulizaliwa tisa," nikasema.

Wazazi walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Yule bwana hakukubali kushindwa. "Basi ulikuwa na bahati, mwalimu."

Neno lile lilinichoma. Kama kuna jambo siwezi kulivumilia ni mtu kuipa bahati sifa za kaka yangu. "Haikuwa bahati," nikamjibu. "Alikuwa Nestory."

Pale hakuna aliyemjua Nestory, kwa hiyo mazungumzo yakaendelea na mambo mengine, na mimi nikarudi nyumbani nimenuna. Nilichotaka kukisema siku ile ndicho ninachokiandika hapa.

Niseme kwanza kwamba sina ugomvi na lile bango. Lilisema kweli. Sisi watoto wa mzee Apolinari, kijiji cha karibu na Ushirombo, tulikuwa hao hao wa nyumba ya nyasi. Wa kwanza alikuwa Nestory, wakafuata mapacha wawili wa kike, Kulwa na Doto, kisha Shija, kama ilivyo desturi yetu Wasukuma kumwita anayewafuata mapacha. Mimi nilikuja baadaye kidogo, na nyuma yangu bado walikuwepo wadogo. Mama akitaka kuniita alianza na Nestory akashuka na majina yote, na mara nyingi aliishia kusema "wewe hapo!" kabla hajanifikia.

Doto aliacha shule darasa la nne ili ambebe mgongoni mdogo wetu wa mwisho, mama apate kulima pamba. Shija alisoma wiki moja, wiki inayofuata akachunga, maana yeye na mtoto wa jirani walikuwa wakipokezana. Mpaka leo Shija anajua jedwali la mbili na la nne, lakini la tatu halijui, kwa sababu lilifundishwa wiki yake ya ng'ombe. Tukimtania anasema ng'ombe wenyewe hawakulalamika. Nestory alifika darasa la saba, akafanya mtihani, hakuchaguliwa. Kulwa naye alimaliza la saba akaolewa. Sketi ya shule niliyovaa mimi ilikuwa ya Doto, ikapita kwa Kulwa, na iliponifikia ilikuwa na viraka vya rangi mbalimbali ambavyo kila mmoja wetu aliviongeza kwa mkono wake.

Halafu mimi nikachaguliwa.

Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe na baiskeli kutuambia. Sekondari ya bweni ya wasichana, Shinyanga mjini. Katika kijiji chetu chote, mwaka ule wa 1990, nilikuwa peke yangu. Baba alimpa mkono, akasema "Wabeja, mwalimu, wabeja sana," yaani asante sana, akaagiza kuku akamatwe. Mama alipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala nalia kwa furaha, na Doto alikuwa amenishika mabega akinikanya nisichafue gauni.

Asubuhi yake nilimkuta baba ameegemea mlango wa zizi. Hakugeuka kunitazama.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, "nimewaza sana. Pamba imekatishwa na jua. Ng'ombe wangu mwenyewe ugonjwa uliwamaliza, amebaki yule wa maziwa ya wadogo zako. Hawa wengine unaowaona wana mwenyewe."

Sikuhitaji kuelezwa. Wale ng'ombe walikuwa mahari ya Kulwa. Kwetu ng'ombe wanaoingia kwa dada wanatoka kwa kaka: Kulwa alikuwa fungu la Nestory, Doto angekuwa fungu la Shija, na hivyo hivyo mpaka chini. Baba anawalisha na kuwalinda, lakini hawauzi. Baba anayeuza ng'ombe wa aina hiyo kwa shida nyingine amemla mwanawe, na watu watamwambia hivyo hivyo mbele ya kadamnasi. Na Nestory alikuwa tayari amekwisha kuposa. Wazee wa pande zote walikuwa wamekubaliana, na baada ya mavuno ng'ombe wa Kulwa wangeswagwa kwenda kwa mzee Herman, baba yake Suzana.

Kwa hiyo nilielewa. Lakini kuelewa hakukunizuia kuumia. Nilichukua ndoo nikaenda kisimani, nikakaa huko mpaka nikafuatwa.

Nestory alikuwa mtu wa maneno machache. Chakula cha mchana siku ile alikula akiwa ameinamia sahani, na alipomaliza alichukua baiskeli ya baba akaondoka bila kuaga. Alikwenda kwa Suzana. Yaliyosemwa huko nimesimuliwa na Suzana mwenyewe mara nyingi, na kila akisimulia Nestory anazidi kuwa mzuri wa sura na yeye Suzana anazidi kuwa na majibu ya haraka. Lakini kiini chake hakijawahi kubadilika.

Nestory alimweleza habari zangu. Akasema hajui afanye nini. Suzana akamuuliza, "Unajua kwa nini mimi sikusoma?"

Nestory hakujua. Alidhani hakufaulu, kama yeye.

Ajabu ni kwamba Suzana alikuwa wa ile nyumba ya kwanza ya bango, ya bati. Herman alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na ng'ombe wa kutosha. Suzana alifaulu, akachaguliwa, akanunuliwa mpaka sanduku la bati. Mwaka huo huo miguu ya mama yake ikakataa kusimama. Hapakuwa na dada wa kumwogesha mama, hapakuwa na kaka wa kuchunga ili Herman abaki nyumbani, shangazi walikuwa mbali. Sanduku likabaki mvunguni, likawa la kuwekea kunde.

"Kwetu ng'ombe walikuwepo," Suzana akamwambia, "watu ndio hawakuwepo. Kwenu watu mmejaa tele. Akiondoka huyo, nani atamkosa kwenye kuchota maji? Mpelekeni."

"Na sisi?"

"Wewe utahamia kwetu."

Mgeni wa desturi zetu ataona hilo ni jambo dogo. Halikuwa dogo. Mwanamume asiye na ng'ombe anaweza kuoa hata hivyo, akaenda kuishi na kulima kwa wakwe zake. Padri atawafungisha ndoa vizuri, kanisani hawaulizi ng'ombe. Lakini ukoo unauliza. Watoto watakaozaliwa ni wa babu yao mzaa mama, kwa jina na kwa kila kitu, mpaka siku ng'ombe watakapofika. Watu wana maneno yao kwa mwanamume wa namna hiyo. Wanasema kaolewa.

Nestory alirudi jioni akamweleza baba mbele yetu sote. Baba alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mjukuu wangu wa kwanza aitwe wa Herman? Mimi Apolinari niko hai, wewe mwanangu wa kwanza ukakae ukweni kama mtu aliyefukuzwa?"

"Baba, ng'ombe si ni wangu?"

"Ni wako."

"Basi wauzwe, mmoja kila mwaka, mpaka Febronia amalize. Jina la watoto litasubiri. Shule haitamsubiri."

Aliyejibu ni mama, ambaye kwa kawaida hakuingilia mazungumzo ya ng'ombe. "Mimi nimezaa tisa ili iweje," akasema, "kama hawawezi kubebana?" Akaingia jikoni, na sufuria zikasikika zikigongwa kuliko kawaida. Baba hakusema ndiyo. Lakini siku ya mnada alimtoa ng'ombe wa kwanza zizini kwa mkono wake mwenyewe.

Nilikwenda Shinyanga na sanduku la Suzana. Alilisafisha kunde akalileta mwenyewe, akasema limechoka kungoja. Ndani yake Doto alinijazia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha ambavyo alikuwa amevikata na kuvianika juu ya mwamba kwa siku nyingi bila kuniambia ni vya nini. Kulwa alituma khanga kutoka kwa mumewe. Shija alinipa mkanda alioufuma kwa kamba ya katani, wa kufungia sanduku, na akanisihi nijifunze jedwali la tatu kwa niaba yake. Bwenini wenzangu kadhaa walikuwa na godoro nene na sabuni za kunukia. Mimi nilikuwa na michembe, na nawaambieni, usiku wa njaa bwenini hakuna aliyewahi kuomba sabuni.

Likizo ya kwanza nilipitia kwa Herman kuwasalimia. Nestory na Suzana walikuwa wamekwisha kufunga ndoa. Nilikuwa nimekaa chini na mama yake Suzana, aliyelazwa kwenye ngozi mlangoni aote jua, niliposikia mtu anakohoa nyuma ya nyumba. Akakohoa tena. Nikashtuka, nikadhani mtu mgonjwa.

"Ni mume wangu huyo," Suzana akasema, akatupa mwiko akaja mbio. "Nisaidie tumsogeze mama."

Nikaelewa. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso hivi hivi. Mmoja akitokea, mwingine anapisha. Ndiyo maana kwa kawaida wanaishi mbali. Mama yule hakuweza kupisha, na mlango ulikuwa mmoja, basi Nestory kila akirudi shambani na jembe begani, na njaa, na jua kichwani, alisimama nyuma ya nyumba akakohoa, akangoja mpaka mama mkwe wake abebwe ndani. Alifanya hivyo asubuhi, mchana na jioni. Kijiji kizima kilijua. Watoto wa jirani walicheza mchezo wa kukohoa wakimwiga.

Nilimshika yule mama kwapa upande wangu, Suzana upande wake, tukamwinua. Nestory alipotokea, amekonda, akiwa na tabasamu lake lile lile, nilipiga goti nikasema, "Shikamoo kaka," na sauti ikanikwama hapo hapo.

"Marahaba. Masomo yanaendaje?"

"Mazuri."

"Basi," akasema, akanawa mikono akala. Hakuuliza zaidi. Nilirudi shuleni nikasoma kwa hasira. Wengine walisoma ili waje kuwa watu fulani. Mimi nilisoma kwa sababu kuna mtu alikuwa amesimama nyuma ya nyumba anakohoa.

Mwaka uliofuata alizaliwa Nyamizi, kisha wadogo zake wawili. Wote waliitwa wa Herman. Baba yangu alipopelekewa habari ya Nyamizi alifurahi, akatuma kibuyu cha maziwa, lakini hakwenda kumwona mpaka mtoto alipoanza kutembea. Nestory alijaribu mara moja kuharakisha mambo. Alikwenda machimboni Geita kuchimba dhahabu, na baada ya msimu mmoja alirudi na malaria kali na jiwe dogo ndani ya kiberiti ambalo lilimeta lakini hakuna mnunuzi aliyelitaka. Nyamizi alilifanya kuwa mtoto wake wa kuchezea. Baada ya hapo Nestory hakwenda tena kokote, na ni katika ugonjwa ule mama mkwe wake alipochoka na desturi. Alimpigia kelele kutoka ndani: "Pita tu, baba! Miguu yangu haina habari na mila!" Nestory alipita. Lakini kukohoa hakuacha, kulikuwa kumeshakuwa mazoea.

Nikamaliza kidato cha nne. Nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa Kharumwa. Pale nikampata Nkwabi, naye mwalimu, mtu mpole anayecheka kwa pua. Mwaka 1999 watu wake walikuja kuposa. Mjomba wake mmoja, mtu wa mjini, akasema siku hizi ng'ombe ni usumbufu, watatoa pesa, tena nzuri, maana binti ni msomi. Neno lile la "tena nzuri" lilinikera kweli, lakini nililimeza. Nilimwita Nkwabi pembeni.

"Nataka ng'ombe," nikamwambia. "Waje kwa miguu yao mpaka kwa baba."

"Kwani tofauti ni nini?"

"Pesa ikiingia nyumba yenye watu tisa haina mwenyewe. Ng'ombe anaye."

Nkwabi alikwishasikia habari za Nestory, tena zaidi ya mara moja. Alicheka kwa pua, akaenda kubishana na mjomba wake mpaka akamshinda. Mpaka leo nikimkasirikia naikumbuka siku hiyo, hasira inapungua.

Ng'ombe walifika mchana, vumbi tupu. Baba alikuwa ameegemea mlango wa zizi kama siku ile, ila sasa mvi zilikuwa zimemjaa. Nilisimama karibu naye. Kwa hesabu ya ukoo mimi nilikuwa fungu la mdogo wetu wa kiume anayenifuata. Nestory fungu lake alikwisha kulipata, na alikwisha kulitumia kwa hiari yake. Baba angesema hivyo, hakuna ambaye angemlaumu.

Aliwatazama ng'ombe kwa muda mrefu. Kisha akamwita yule mdogo wetu, kijana wa kidato cha pili wakati huo, wa pili katika nyumba yetu kufika sekondari, ambaye ada yake ilitoka kwenye mshahara wangu. "Unasemaje?" akamuuliza.

"Baba, hawa wana mwenyewe," akasema. "Wa kwangu nitawatafuta."

Baba aliitikia kwa kichwa. "Wana mwenyewe," akasema na yeye, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Maneno yale yale yaliyonifungia njia nikiwa na umri wa miaka kumi na minne, siku ile niliyasikia nikafunika uso kwa khanga nikalia.

Tuliwaswaga kwenda kwa Herman kesho yake. Si desturi bibi harusi kufuata ng'ombe nyuma, lakini nilifuata, na Shija alikuwa mbele akiimba. Baba alivaa koti lake la kanisani. Herman alitoka nje akasimama uwanjani na fimbo yake, Suzana yuko nyuma yake, watoto wamemzunguka. Tulipomaliza salamu, baba akasema tulichojia: mahari ya Suzana imefika, na wajukuu sasa warudi kwa jina la baba yao.

Herman aliwatazama ng'ombe, akawatazama watoto, na nikaona mkono wake unashika bega la Nyamizi kwa nguvu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba katika furaha yangu sikumfikiria kabisa huyu mzee. Alikuwa mtu wa mtoto mmoja ambaye kwa miaka ile michache alikuwa amepata nyumba yenye kelele.

"Kwa hiyo mnawachukua," akasema taratibu.

Nyuma ya nyumba kukasikika kikohozi. Nestory akatokea na jembe lake, hakuwa ameambiwa kwamba tunakuja siku hiyo. Alituona sote. Aliwaona ng'ombe. Nadhani alielewa mara moja, kwa sababu alilitua jembe polepole sana. Kisha akamwangalia mkwe wake usoni.

"Baba, linalorudi ni jina," akamwambia Herman. "Sisi tuko hapa hapa. Pamba yangu nimeipanda hapa."

Yule mzee alijifuta macho kwa nyuma ya mkono, bila kuficha. Akawaendea ng'ombe, akapita katikati yao akiwapapasa migongo, mpaka akasimama kwa mtamba mmoja mwenye baka jeupe kwenye paji.

"Hawa wengine nimepokea," akasema. "Huyu ana mwenyewe. Nyamizi, njoo."

Nyamizi alikuwa aanze darasa la kwanza Januari. Alikwenda akiwa na aibu, lile jiwe la Geita liko mkononi.

"Huyu ni wako," babu yake akamwambia. "Haendi kwa mahari ya mtu yeyote. Mimi simgusi, baba yako hamgusi. Ni wa shule."

Nyamizi alimtazama ng'ombe, akawatazama wadogo zake wawili waliokuwa wamesimama na vidole mdomoni. "Na hawa je?"

"Ni jike huyu, mjukuu wangu. Atazaa."

"Wengi?"

Baba yangu akaanza kucheka, na Herman akacheka, na mama mkwe wa Nestory akasikika akicheka kutoka mlangoni kwenye ngozi yake. Mimi nilimgeukia kaka yangu nikapiga goti pale vumbini na khanga yangu mpya, nimsalimie kama siku zote, na safari hii sauti haikukwama.

"Wabeja, kaka," nikasema.

"Inuka, unajichafua," Nestory akaniambia. "Mwanangu anaanza shule Januari. Nataka umfundishe kuandika jina lake."